Ini Kwenye Kamba

"Jirani, hivi ni kweli mwanao anaongea na suruali za watu?"

Msusi aliuliza swali hilo akiwa amesimama mlangoni, kitana kimechomekwa nyweleni, mkono kiunoni, na kwa sauti ya kuwafikia hata wasiohusika. Mama Dobi alikuwa ameinamia beseni, povu limempanda hadi viwikoni. Hakuinua kichwa. Alijua kwamba ukimwinulia Msusi kichwa umemkaribisha kukaa, na Msusi akishakaa hanyanyuki mpaka ameigeuza mitaa yote ndani nje. Hata akiaga, hufika nje, akakumbuka neno, akarudi. Huaga tena, akasimama kizingitini na kuongeza la mwisho ambalo halikuwa la mwisho.

"Anasoma," Mama Dobi akasema.

"Anaisomea suruali?"

Mama Dobi akaisuuza kola aliyokuwa ameishika, akaikamua, akaitazama kama vile hajawahi kuona kola safi. Kule uani, katikati ya kamba mbili zilizoelemewa na nguo, binti yake alikuwa amesimama mbele ya suruali ya kahawia. Aliugusa mguu wa kulia wa suruali, akanong'ona. Akaugusa wa kushoto, akanong'ona. Kisha akaishika mikono ya koti lililoanikwa kando yake, kama mtu anayempa mgeni pole.

"Mungu awasaidie," Msusi akasema, akaondoka. Akarudi kuongeza kwamba yeye binti yake husoma ndani, dirisha limefungwa, na kalamu za rangi mkononi, kila mstari wa maana anaupaka rangi ya njano, na kitabu chake sasa kinawaka kama taa. Akaondoka tena. Akarudi kuazima sabuni.

Binti huyo wa Mama Dobi walimwita Chiriku, kwa sababu tangu utotoni mdomo haukuwa na likizo. Nyumbani alikuwa Chiriku kweli. Lakini akikalishwa mbele ya karatasi ya mtihani, maneno yote yalimtoroka. Katika mtihani wa majaribio wa sayansi alikuwa amesoma sura nzima ya mwili wa binadamu mara nyingi mpaka kitabu kikalegea mgongo, akaingia ndani ya chumba, akaandika jina lake vizuri sana, na baada ya hapo hakuandika cha kumfaa. Mwalimu wa sayansi akatangaza mbele ya wote kwamba walioanguka katika somo lolote wangepewa jaribio la pili, sayansi wiki mbili mbele, jiografia wiki moja baada ya hapo. Atakayeanguka tena, atarudia darasa.

Kurudia darasa. Chiriku tayari alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, akipangwa mstari anasimama nyuma kabisa. Alimwambia mama yake, bila kulia, kwamba akirudishwa na wale wadogo ataonekana kama nguzo ya umeme iliyosahauliwa shambani. Mama Dobi alicheka ili mtoto asione moyo wake ulivyoshuka. Yeye mwenyewe shule aliiacha akiwa angali mdogo, na siku aliyoiacha hakuna aliyemwuliza kama anataka. Tangu hapo dua yake ya alfajiri ilikuwa na mambo mengi, lakini la kwanza lilikuwa hilo: mtoto huyu amalize.

*

Habari ya kuongea na suruali ilianzia kwa mwalimu mwenyewe. Aliwaambia wanafunzi kwamba kichwa hushika vizuri kitu kilichotundikwa mahali. Wapite nyumbani kwao kwa fikra, akasema, kila kitu cha kukumbuka wakiweke kwenye kitu cha nyumbani: hiki kwenye kochi, hiki kwenye kabati, hiki juu ya televisheni.

Chiriku akarudi nyumbani, akatazama. Kochi halikuwapo. Kabati halikuwapo. Kulikuwa na kitanda, meza ya pasi, jiko la kuwashia makaa ya pasi, ndoo, na nguo za watu. Nguo za watu zilikuwa kila mahali: kwenye kamba, kwenye henga, kwenye vikapu, zilizokunjwa na zinazosubiri kukunjwa.

Basi akatundika masomo yake kwenye nguo za watu.

Koti la kahawia la Bwana Karani likawa ini, kwa kuwa rangi zilifanana. Mfuko wa ndani wa koti hilo ukawa kifuko cha nyongo, kwa sababu nacho kimejificha chini ya ini. Suruali yake, miguu miwili, mapafu mawili. Soksi za mzee mstaafu zikawa figo. Pazia refu la mwenye duka, ambalo likikunjwa halimaliziki, likawa utumbo mwembamba. Ovaroli ya fundi bomba ikawa utumbo mpana, na hapo Mjomba aliyekuwa akipiga pasi ilibidi aiweke pasi chini, acheke mpaka makaa yapoe.

Mjomba huyo alikuwa mdogo wake Mama Dobi. Alipiga pasi na mdomo kwa pamoja, na hakuna kilichokuwa cha moto kuliko kingine.

"Dada," akasema, "sasa nikiunguza koti la Karani, nimeunguza ini la binadamu."

"Usiunguze," Mama Dobi akamjibu.

Jambo lilifanya kazi, na ndilo lililoleta balaa. Chiriku akisimama mbele ya kamba alisema kila kitu bila kukwama. Akigusa pazia alieleza jinsi chakula kinavyofyonzwa. Akigusa soksi alichuja damu yote ya mwili. Mama Dobi alimsikiliza huku anafua, hakuelewa nusu yake, lakini alielewa kwamba mtoto hakukwama, na furaha ikampanda kichwani. Furaha hiyo ndiyo iliyomfanya atende jambo ambalo hajawahi kulitenda tangu ashike beseni la kwanza. Mwenye soksi alipokuja kuzichukua, alimwambia hazijakauka.

Fundi bomba akaambiwa sabuni ilikwisha. Mwenye duka akaambiwa pazia lina doa gumu. Kila aliposema hivyo alihisi ulimi unakuwa mzito, maana alikuwa mtu wa sala, na alijua kabisa Mungu anaona kamba yake ilivyokauka. Alijiambia ni siku chache tu, jaribio lipite, kila mtu atapewa chake. Lakini nguo za watu zikikaa, maneno hutembea. Mtaani wakaanza kusema kwamba kwa Mama Dobi nguo huingia na hazitoki.

*

Bwana Karani alikuja mchana wa jua kali, jua la kukausha blanketi wakati unalitazama. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, mwenye kuongea kama anayesoma tangazo. Dada yake alikuwa anaolewa kesho yake, na yeye ndiye wa kusimama mbele za wakwe na kumtoa bibi harusi. Suti ilikuwa hiyo moja. Alikuwa amekuja jana, akaambiwa haijakauka. Juzi pia.

Mama Dobi akafungua mdomo, na maneno yale yale yakajipanga yenyewe. "Bado ina unyevu kidogo, Bwana Karani."

Karani aliinua uso akalitazama jua. Akaitazama kamba. Watu wawili waliokuwa wakisukwa upande wa pili wa ua waligeuza vichwa, na Msusi akaacha kusuka kabisa.

"Unyevu," Karani akasema taratibu. "Kwa jua hili."

Akapita katikati ya mashuka, akalifikia koti lake, akalishika bega, likakwaruza kwa ukavu kama karatasi. Chiriku alikuwa nyuma ya shuka na kitabu chake. Karani akaingiza vidole kwenye mfuko wa ndani kuona kama hata humo pamekauka, na sauti ikamtoka mtoto kabla hajaizuia.

"Usiguse nyongo."

Karani akautoa mkono haraka kama aliyeguswa na nyuki. Akamtazama mtoto, akautazama mfuko, akamtazama Mama Dobi. Kule kwa Msusi mtu alipaliwa kwa kicheko.

"Kuna nini kwenye koti langu?" akauliza.

Mama Dobi angeweza kuongeza uongo mwingine, ulikuwapo tayari mdomoni. Akaumeza. Akajifuta mikono kwenye kanga, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya kawaida, bila kuishusha ili wasukwaji wasisikie.

"Hakuna kitu. Koti limekauka tangu juzi. Nilikudanganya, Bwana Karani. Mwanangu ana mtihani, na anasoma kwa kuziangalia nguo zenu. Niliogopa ukilichukua atasahau. Nisamehe. Mjomba atalipiga pasi sasa hivi, na hutalipia hata senti."

Huenda Karani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na sasa hakujua auweke wapi. Akasema kwamba yeye amefulisha kwa Mama Dobi miaka mingi, na kwamba hakutegemea. Akasema kuna dobi mwingine kule barabarani, hodari. Alisema hayo kwa upole, na upole huo ulimchoma Mama Dobi kuliko kelele. Mjomba alipiga ile suti pasi kimya kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea, na Karani akaondoka nayo mkononi, ini, nyongo na mapafu yote mawili.

*

Chiriku alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaitazama nafasi iliyobaki kwenye kamba.

"Ameondoka na ini langu," akasema, na machozi yakaanza.

"Na nyongo pia," Mjomba akasema. "Aliyokuwa nayo ilimtosha. Sasa anazo mbili."

Mtoto hakucheka. Mama Dobi akamtazama mdogo wake kwa jicho la kumnyamazisha. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya na mikono yake ilikuwa haijazoea kukaa bure, akachota shati lililolowa, akaenda kulianika pale palipokuwa na koti.

"Mama, usianike hapo."

"Kwani hapo pana nini?"

"Pana ini."

"Ini gani, na mwenyewe kaondoka nalo?"

Chiriku akafuta pua. "Si ndio hapo lilipokuwa. Ini linatengeneza nyongo, nyongo inakaa kwenye kifuko chake, halafu inashuka kusaidia kumeng'enya mafuta. Na ini linahifadhi sukari, na linaondoa sumu kwenye damu. Na karibu yake kuna..." Akakwama.

Mama Dobi alisimama na shati linalochuruzika. Siku zote hizo, Chiriku alipotaka kukwama, alishika mkono wa koti na kuchungulia kitabu papo hapo. Sasa koti halikuwapo, na kitabu kilikuwa kimeachwa kule kwenye mashuka. Mama hakuweza kumsaidia, kwa kuwa hakujua karibu ya ini kuna nini. Alichoweza ni kusubiri, na kusubiri alikujua sana. Maji ya shati yakamdondokea miguuni. Mtoto akafumba macho, akakunja uso, akausogeza mkono hewani kama anayepapasa gizani.

"Kongosho," akasema.

"Haya, shati nianike wapi?"

Lakini Chiriku alikuwa amesimama. Aliitazama ile nafasi tupu, kisha akamtazama mama yake kana kwamba ndiye aliyemficha kitu. "Mama, limekuja lenyewe. Koti halipo na limekuja."

"Nimeona. Koti limekwenda, maneno yamebaki." Mama Dobi akalitupia shati begani. "Sasa niambie, hizi nyingine tunazifungia nini?"

Jioni ile ile akatuma salamu kwa wateja wote kwamba nguo zao ziko tayari. Mzee mstaafu akachukua figo zake, fundi bomba akachukua utumbo mpana, na mwenye duka akabeba utumbo mwembamba begani, akashangaa kwa nini Mjomba anamsindikiza huku anajifunika mdomo. Kila mmoja aliombwa radhi. Mama Dobi aliomba radhi hizo akiwa wima, na kila moja ilimpunguzia uzito.

*

Asubuhi yake, kabla nguo mpya hazijaanikwa, Mama akamsimamisha Chiriku mbele ya kamba tupu. Mambo hayakuwa mazuri. Nusu ilikuwa imepotea. Mapafu yalikuja, moyo ukaja na kuta zake, lakini figo zilikwama na utumbo ukajifunga fundo. Mama Dobi akadhani ameuza mtihani wa mtoto kwa kutaka kutubu. Hata hivyo hakumwonesha.

"Yaliyokuja, yaache," akasema. "Fungua kitabu utafute yale tu yaliyokataa kuja. Ukimaliza kifunge, ulete kwangu."

Aliongea kama anavyoongea juu ya nguo. Kola iliyotakata huirudii, unarudia ile yenye doa. Chiriku akafanya hivyo. Mchana, kati ya beseni la kwanza na la pili, Mama akauliza tena. Kesho yake hakuuliza mpaka jioni, kwa sababu kazi zilimzidi, na cha ajabu ni kwamba yale yaliyotafutwa kwa shida baada ya kupumzika ndiyo yaliyong'ang'ania zaidi. Kongosho, lililomtoa jasho siku ya kwanza, sasa lilikuja kabla ya kuitwa.

Ila Mjomba aligundua udanganyifu. Chiriku alikuwa anakwenda kwa mpangilio, kutoka mwanzo wa kamba hadi mwisho, na ukimkatiza katikati anarudi kuanza upya. Basi Mjomba akawa anamvamia. Anapiga pasi shati la mtu, ghafla anaielekeza pasi kwake: "Figo." Anakunywa maji, anameza: "Hayo maji sasa yamefika wapi, na yatafyonzwa na nani?" Mtoto yuko msalani, Mjomba anagonga mlango na kuulizia utumbo mpana.

Msusi naye hakutaka kupitwa. Alianza kwa dhihaka, kutoka upande wa pili wa ua, vidole vikiwa kwenye kichwa cha mtu. "Chiriku, haya, nyongo kazi yake nini, mbali na kunijaa mimi?" Chiriku akamjibu. Msusi akauliza tena, na Chiriku akamjibu, na mteja aliyekuwa akisukwa akasema yeye hilo hakulifahamu, je, mafuta yakizidi inakuwaje? Ikabidi Chiriku amweleze pole pole, kwa maneno ya kawaida, kwa mifano ya sahani yenye mafuta na sabuni ya Mama Dobi. Mahali aliposhindwa kumfahamisha yule mama, alijua hapo na yeye hajaelewa, akakimbilia kitabu. Wateja wa Msusi wakawa wanaondoka na nywele zilizosukwa na habari za kongosho.

Dirisha la nyumba ya Msusi tu ndilo lililobaki limefungwa, binti yake yumo ndani na kalamu zake za rangi. Mama Dobi alimwuliza Msusi mara moja tu binti yake naye anaendeleaje na lile jaribio. Msusi akajibu kwamba wake hana jaribio la pili, wake alipita yote. Chiriku aliyesikia akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

*

Siku ya jaribio Chiriku aliondoka bila kitabu. Mama Dobi alifua siku hiyo mpaka nguo zikaomba poo. Mjomba aliunguza leso moja, akaificha.

Majibu yalitoka mwisho wa wiki. Chiriku aliingia uani kwa mwendo wa kuburuta, uso hauna kitu, akamkabidhi mama yake karatasi bila neno. Mama Dobi hakuwa hodari wa kusoma mwandiko wa mwalimu, lakini alama alizijua. Alizitazama. Akazigeuza upande wa pili kama nguo, kuona kama na nyuma ziko hivyo hivyo. Hazikuwa alama za kumpeleka mtu gazetini, ila zilikuwa zimeuruka mstari wa kufaulu na kubakiza nafasi.

"Mbona umenuna?" akauliza.

"Nilitaka nikuone kwanza," Chiriku akasema, na kicheko kikamtoka.

Mjomba alimbeba mtoto mrefu kuliko yeye, wakaanguka wote kwenye mashuka safi. Mama Dobi hakumgombeza. Aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda, akakaa huko muda, akatoka macho yamelowa na kuanza kuyafua mashuka upya.

Chiriku akawasimulia. Alikosa swali la meno, kwa sababu meno hakuwahi kuyatundika popote. Na mwalimu alimhamisha kiti katikati ya jaribio, akidhani anaibia kupitia dirishani, jinsi alivyokuwa akiangalia juu, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Akahamishwa hadi ukutani, na hata ukutani ile kamba tupu ilikuwapo.

Bwana Karani alirudi kesho yake na suti ina doa la mchuzi wa harusi. Hakusema habari za dobi wa barabarani. Aliuliza tu ini linaendeleaje, na alipoambiwa limefaulu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, kicheko kidogo, kikavu, kilichopigwa pasi.

Alikuwa hajatoka vizuri Msusi alipoingia. Amebeba furushi kubwa kichwani. Mama Dobi alijiweka tayari kwa maneno, maana habari za kufaulu zilikuwa zimeshavuka ua, na Msusi hakuwa mtu wa kuiacha habari ipite bila kuilipisha ushuru. Lakini Msusi alilitua furushi mezani na kulifungua taratibu. Kulikuwa na magauni, kanga, shuka la kitanda, na kofia ya marehemu mumewe.

Mjomba akachukua gauni, akalinusa, akachukua kanga.

"Shemeji," akasema, "mbona hizi zote safi?"

"Nani kasema zifuliwe?" Msusi akamjibu.

Akaingiza mkono chini ya kanga yake, akatoa kitabu cha jiografia cha binti yake, akakiweka juu ya nguo. Kilijifungua chenyewe. Kurasa zote mbili zilikuwa za njano, mstari kwa mstari, toka juu hadi chini, haukubaki mweupe hata mmoja. Mama Dobi akakitazama, kisha akamtazama jirani yake. Alikuwa na mengi ya kumwambia, na alikuwa na haki nayo. Badala yake akachukua vibanio, akalitwaa gauni la juu, akamwita Chiriku aje waanze na mito au milima.

Msusi akafika mlangoni. Mjomba akaweka pasi chini, akingoja arudi kuongeza la mwisho. Msusi akavuka kizingiti, akatoka, asirudi, wala asiseme neno lingine.